HIVI "CHARGE" NI NINI HASA? SHTAKA, CHAJI, BEI AU MZIGO?

Wadau, leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Nasema kidogo kwa sababu neno ninalotaka kulichambua lina tabia ya kuingia kila mahali: mahakamani, hospitali, benki, kwenye kibanda cha kuchajia simu, na mpaka porini kwa nyati. Ni neno la Kiingereza, "charge". Sisi Waswahili tumeshalimeza na kulifanya letu, tunasema simu haina chaji, chaja imekufa, fundi kanichaji elfu ishirini, sista inchaji wa wodi hajafika. Tatizo ni kwamba tumemeza vipande. Kila mmoja anajua kipande cha pale anapofanyia kazi, na akikutana na neno hilo hilo sehemu nyingine anatafsiri kwa kile kipande chake. Hapo ndipo watu wanapoumia, na nitaonyesha chini wanavyoumia.

Tuanze na asili, maana ukiijua asili mengine yote yanakuwa mepesi.

Warumi wa kale walikuwa na neno "carrus", mkokoteni wa magurudumu, ambalo wenyewe walilichukua kwa Wagauli, wale watu waliokuwa wakikaa sehemu ambayo leo ni Ufaransa. Kutokana na carrus kikazaliwa kitenzi cha Kilatini cha baadaye, "carricare", yaani kupakia mzigo kwenye mkokoteni. Kitenzi hicho kikapita Kifaransa cha zamani na kuingia Kiingereza katika karne ya 13 kikiwa "charge". Kwa hiyo maana ya mwanzo kabisa ya charge ni kutwika. Kumpandishia mtu, mnyama au chombo mzigo. Basi.

Na kwa bahati nzuri Kiswahili kina jozi ya maneno inayolifaa neno hili kuliko lugha nyingi: kutwika na kutua. Ukishika kwamba "charge" ni kutwika na "discharge" ni kutua, umeshapata ufunguo wa nusu ya kamusi. Sisi wenyewe si tunasema fulani kajitwika jukumu? Tunasema nimetua mzigo, hata kama hakuna gunia lolote kichwani? Ni fikra ile ile.

Ukoo wa neno hili ni mkubwa. "Carry", kubeba, ni ndugu yake wa damu. "Car" ni wa humo humo. "Cargo" ni ndugu aliyepitia Uhispania na kuingia Kiingereza pamoja na mambo ya meli. "Career", ile tunayosema taaluma ya mtu, ilianza kuwa ni barabara ya kupitisha magari ya kukokotwa. Na "caricature", hivi vikaragosi vya wanasiasa magazetini, ilitoka Kitaliano, na maana yake ni picha iliyopakiwa kupita kiasi: pua inaongezwa, tumbo linaongezwa, mpaka mheshimiwa anageuka kituko.

Hapa niwatahadharishe. Msije mkasema na "gari" letu limetoka kwenye "car". Hapana. Gari tumelitoa Kihindi, "gaadi". Kufanana kwa sauti kumewadanganya wengi, tena wasomi.

Lakini kitu kilichonifurahisha zaidi ni upande wa Kiarabu. Ndugu zetu walioko Oman na Dubai watanithibitishia: chaja ya simu kwa Kiarabu inaitwa "shahin", na kuchaji ni "shahn". Sasa tazama bandarini kwetu. Mzigo wa melini tunauitaje? Shehena! Mzizi ni ule ule mmoja. Na lori la mizigo kule ni "shahina". Waarabu nao walipokutana na umeme, waliuona ni kitu cha kupakiwa ndani ya betri kama vile magunia yanavyopakiwa ndani ya jahazi. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo anaposema shehena imefika, na binamu yake wa Muscat anaposema anatafuta shahin, wanatumia neno moja bila kujua.

Umeme uliingiaje humo? Kupitia bunduki. Zamani za magobore, kabla ya kufyatua ilibidi ushindilie baruti na risasi kwenye mtutu. Kile kipimo cha baruti kiliitwa charge, ni mzigo wa bunduki. Katika miaka ya 1740 Mmarekani Benjamin Franklin, huyu mnayemuona kwenye noti ya dola 100, alikuwa akifanya majaribio ya kuhifadhi umeme kwenye chupa za kioo. Alipopanga chupa nyingi pamoja akaziita "battery", neno la mizinga iliyopangwa safu moja. Umeme uliojazwa humo ukaitwa charge, kama baruti. Ndiyo maana mpaka leo mwanafunzi wa fizikia anasoma chaji chanya na chaji hasi, na sisi tunasema betri.

Na kutoka kwenye silaha hizo hizo, wataalamu wengi wa lugha wanaona, ndiko kulikotoka ile maana ya kushambulia kwa mbio. Askari aliyeweka mkuki au silaha yake tayari kwa kupiga alikuwa ame-charge, halafu kitendo cha kwenda mbele mbio na silaha hiyo kikachukua jina hilo. Kwa hiyo Mzungu akikwambia porini "the buffalo will charge", usitafute pochi, tafuta mti.

Tumalize utani, twende kwenye pesa.

Kumwekea mtu deni ni kumtwika mzigo. Hivyo charge ikawa bei au ada. "Free of charge" ni bure, huna mzigo wa kulipa. "Overcharge" inafanya kazi mara mbili: kuichaji betri kupita kiasi na kumpiga mteja bei ya kuruka. Kibanda cha kuchaji simu kijijini kisicho na umeme kinakuchaji ili ikuchajie, ni charge mbili kwa wakati mmoja, na hakuna mtu anayechanganyikiwa. "Surcharge" ni nyongeza juu ya bei, lakini serikalini ni kitu kingine cha kutisha: mtumishi aliyesababisha hasara ya fedha za umma anatwikwa ile hasara ailipe yeye mwenyewe. Ukisoma ripoti za ukaguzi usidhani surcharge ni ushuru fulani.

Juu kabisa ya mambo ya pesa kuna lile la katiba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 214, inasema deni la umma ni "charge" kwenye Mfuko Mkuu. Watu wanapita hapo haraka. Maana yake ni kwamba deni limeshatwikwa juu ya mfuko wenyewe, linalipwa moja kwa moja kutoka humo. Haliji kila mwaka kupanga foleni pamoja na dawa na madawati likisubiri wabunge wapige kura. Kwa hiyo mkisikia makusanyo ya kodi yameliwa na deni kabla ya bajeti kujadiliwa vizuri, mjue kuna neno moja dogo kwenye ibara hiyo linalofanya kazi hiyo.

Na ardhi je? Hapa Wakenya wasikilize kwa makini zaidi, maana kwa sheria yao ya ardhi ya mwaka 2012 ukiweka shamba au nyumba rehani benki, kile kitendo kinaitwa charge. Watanzania kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 tunatumia "mortgage", na kwa Kiswahili ni rehani, hivyo Mtanzania anayekwenda kununua kiwanja Kitengela au Mombasa anaweza kuona neno charge kwenye rejesta akadhani ni ada ya usajili imeandikwa hapo. Siyo ada. Ni kwamba benki imeshakaa juu ya hicho kiwanja. Mzigo huo unatuliwa kwa karatasi inayoitwa "discharge of charge", na haitoshi kwamba mwenye shamba amemaliza kulipa mkopo. Ile karatasi isiposajiliwa, rejesta itaendelea kuonyesha mzigo upo. Nimeshaona watu wakikumbatia risiti ya mwisho ya benki kwa miaka, wanafurahi, kumbe kwenye rejesta shamba bado limetwikwa. Halafu mzee anafariki, watoto wanakwenda kugawana, ndiyo wanagundua.

Jingine la kujua ni kuwa kwa nchi zote mbili nyumba ya familia haiwekwi rehani na mume peke yake au mke peke yake kimya kimya. Sheria inataka mwenzake asaini au kuwe na ushahidi kwamba ameridhia. Kwa hiyo dada, ukiletewa karatasi kimeandikwa juu "charge" ukaambiwa saini hapa mama, ni mambo ya ada za benki tu, simama kwanza. Uliza ada ya nini. Mtu anayekwambia hivyo ama hajui, ama anajua sana.

Sasa mahakamani, sehemu ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Kumshtaki mtu ni kumtwika tuhuma. Charge ni shtaka, "charge sheet" ni hati ya mashtaka. Mpaka hapo wote tuko sawa, ingawa mitaani kwetu mtu akishasomewa shtaka tu tunamhesabu mwizi. Ametwikwa, hajathibitishiwa kwamba mzigo ni wake. Lakini hilo tunalifahamu hata kama hatulifuati. Kinachotuchanganya ni "discharge".

Mwendesha mashtaka akiondoa kesi, mahakama inamwachia mshtakiwa. Kwa Kiingereza inaandikwa "discharged". Kesi ikisikilizwa mpaka mwisho na mahakama ikaona hana hatia, inaandikwa "acquitted". Sisi kwenye magazeti, redio na blogu, zote mbili tunaandika KAACHIWA HURU. Wadau, hayo si mambo mamoja! Aliyekuwa "acquitted" amemalizana na kesi hiyo, labda upande wa mashtaka ukate rufaa. Aliyekuwa "discharged" ametuliwa mzigo leo, na uamuzi huo peke yake haumzuii kutwikwa tena kwa mambo yale yale.

Kwa Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka ana uwezo chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kusema hana nia ya kuendelea na kesi, ile inayoitwa kwa Kilatini "nolle prosequi". Ndicho kilichotokea tarehe 4 Machi 2022 kwenye kesi ya ugaidi iliyokuwa ikimkabili Freeman Mbowe na wenzake. Vichwa vya habari vilisema wako huru, na kweli walirudi nyumbani. Lakini kisheria mahakama haikusema hawana hatia, na haikusema wana hatia. Kesi iliondolewa tu. Ukitaka kusema Mbowe alishinda kesi, hukukosea kisiasa, ila kisheria hakuna hukumu ya kushinda wala kushindwa.

Huyo ni mtu mkubwa mwenye mawakili. Mfikirie kijana wa kawaida ambaye amekaa rumande mwaka na nusu. Familia inaambiwa kaachiwa huru, mama anapiga vigelegele koridoni, shangazi anaanza kupika pilau. Kijana anatoka mlangoni, anakutana na askari wanaomsubiri, anarudishwa kituoni, na siku chache baadaye anasomewa shtaka lile lile upya. Familia inapiga kelele kwamba mahakama imepuuzwa, hakimu kamwachia, polisi wamekaidi! Kumbe kwa mujibu wa ule uamuzi wa hakimu, hakuna aliyekaidi. Neno lilikuwa discharge. Kama ni haki au si haki huo ni mjadala mwingine, na mimi msimamo wangu ni kwamba mtindo wa kufuta na kukamata tena umetumiwa vibaya mno. Ila huwezi kuupinga mtindo ambao hujajua jina lake. Familia ingeambiwa mapema tofauti ya maneno haya mawili, ingekuwa imeshamwambia wakili ajiandae badala ya kuandaa pilau.

Wakenya walijifunga zaidi kwenye katiba yao. Ibara ya 157 inasema Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama, na kama anaiondoa baada ya upande wa mashtaka kumaliza kutoa ushahidi wake, basi mshtakiwa anahesabiwa kuwa "acquitted", siyo discharged. Yaani huwezi kumwaga ushahidi wako wote, ukaona umeshindwa, halafu ukajitoa ili uje kuanza upya.

Na kuna discharge ya tatu inayokwenda kinyume kabisa na hizi! Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 38, inairuhusu mahakama imtie mtu hatiani halafu isimpe adhabu, imwachie kwa sharti asitende kosa ndani ya muda usiozidi miezi 12. Hiyo nayo ni discharge, "conditional discharge". Huyu ana hatia, imeandikwa, ametuliwa mzigo wa adhabu tu. Gazeti nalo linaandika KAACHIWA HURU. Kwa hiyo watu watatu, mmoja hana hatia, mmoja haijulikani, mmoja ana hatia, na wote watatu tumewapa kichwa kimoja cha habari.

Pendekezo langu kwa waandishi wenzangu ni rahisi na halihitaji Kiingereza. Kesi ikiondolewa, andika AFUTIWA MASHTAKA. Akishinda, andika AONEKANA HANA HATIA. Akisamehewa adhabu, andika AACHIWA KWA SHARTI. Kiswahili kinatosha, ni uvivu wetu tu.

Hospitali nako neno hili lina mitego yake. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani ni discharge, na watu wa mjini wanasema kadischajiwa. Lakini discharge pia ni ute, usaha au uchafu wowote unaotoka mwilini, kwenye kidonda, sikio au sehemu za siri. Mtu aliyepelekwa na mgonjwa wake akichungulia faili akaona "no discharge" anaweza kurudi nyumbani analia kwamba mgonjwa kakataliwa ruhusa, kumbe daktari ameandika habari njema, kidonda ni kikavu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mama aliyejifungua akiambiwa kwa haraka arudi haraka akiona discharge, akatikisa kichwa bila kuelewa, anaweza kukaa na maambukizi nyumbani wiki nzima. Wauguzi wetu wengi wanajua kusema uchafu au majimaji. Waendelee hivyo hivyo, wasione aibu kwamba siyo kitaalamu.

Yule sista inchaji niliyemtaja juu, na yeye amebeba mzigo, ni mtu aliyetwikwa wodi. Na mtoto au mgonjwa aliye chini ya uangalizi wa mtu anaweza kuitwa "charge" wake, mzigo wake wa kulea, bila tusi lolote. Ndiyo maana pia ubalozi usio na balozi unaongozwa na "chargé d'affaires", Kifaransa hicho, aliyetwikwa shughuli, sisi tunamwita kaimu balozi. Wasomaji wa Bujumbura na Kinshasa hawa maneno hayawapi shida. Ila na Kifaransa kina vituko vyake, maana kule "décharge" ni karatasi unayosaini kuthibitisha umepokea pesa au kitu, na hapo hapo "décharge" ni jalala la taka. Mantiki ni moja. Aliyekukabidhi pesa amejitua, na lori la taka nalo limejitua.

Mwisho niwape kile ninachowafundisha vijana wanaonisaidia kutafsiri habari, maana makosa mengi hapa yanatokana na kutoangalia kineno kinachofuata. Ukiona "charged for", ni pesa. Ukiona "charged to", ni pesa inayobebeshwa akaunti fulani. "Charge at" ni kushambulia. "In charge of" ni kuongoza. Kigumu ni "charged with", maana kina sura mbili. Ikifuatiwa na kosa, ni kushtakiwa. Ikifuatiwa na kazi, ni kukabidhiwa jukumu. Kwa hiyo "the committee was charged with investigating the theft" ni kamati iliyopewa kazi ya kuchunguza wizi, na "the committee was charged with theft" ni kamati iliyoshtakiwa kwa wizi. Maneno mawili tu yamepungua katikati na waheshimiwa wametoka kwenye uchunguzi wameingia kizimbani. Nchi zetu hizi, mara nyingine sentensi zote mbili zinakuwa za kweli kwa kamati hiyo hiyo, lakini basi angalau tuziandike kwa mpangilio wake.